Pengo Kwenye Theluji

"Nataka mkanda usiong'oka meno," alisema Ravdna, akatupa mezani kamba yenye fundo. "Urefu wake ni huo, mpaka kwenye fundo."

Torgeir, mwenye duka, aliinua kamba akacheka. "Mama, siku hizi watu huja na namba."

"Namba zimenitoka. Tangu juzi sijalala. Pikipiki zetu za theluji ni mapacha, yangu na ya mwanangu Issát, tulizinunua siku moja. Ukipima moja umezipima zote."

Torgeir akashusha mkanda wa kwanza, ule mpira mpana unaozunguka chini ya pikipiki badala ya gurudumu la nyuma. Meno yake yalikuwa marefu kama vidole.

"Huu ndio wenu nyinyi wafugaji. Hata theluji ikufike kiunoni, unapita."

"Na mtu akikimbiza?"

"Kasi gani?"

"Yote iliyopo."

"Basi si huu. Kwa kasi hiyo jino refu linayumba, linapata moto, linachanika shinani. Siku moja unageuka nyuma, unakuta pengo."

"Pengo nalijua," alisema Ravdna.

Mkanda wa pili ulikuwa na meno mafupi, mpira mgumu, na tabaka mbili za kitambaa ndani yake. Torgeir aliupiga kofi kama anayesifia ng'ombe. "Wa wakimbiaji huu. Hauna kiungo popote. Ila usiupeleke kwenye barafu tupu ukakaa huko, maana theluji ndiyo maji yake ya kunywa. Bila theluji unachemka."

Ravdna alivuta jino moja, halafu la pili, halafu la tatu. Alivuta kwa nguvu zote za mkono wake. Hakuna lililotikisika.

"Samahani mama, unamkimbiza nani?"

Ravdna alikaa juu ya dumu la mafuta. Tangu Januari, alisema, kuna mtu anachinja kulungu wake wa kufugwa. Anakuja mbio kuliko upepo, anabeba nyama, anaondoka.

"Kwani unao wangapi?"

Ravdna alimtazama kama aliyemuuliza uzito wake. "Wee! Mtu haulizwi idadi ya kulungu wake. Waliochinjwa nakwambia: kumi na mmoja. Walio hai waache."

"Nimekosa, mama."

"Masikio huwa anayafukia, maana alama ya mwenye mali imekatwa masikioni. Jumatatu mbwa wangu akayafukua. Alama yangu ile ile niliyopewa na nyanya yangu siku ya ubatizo. Na pembeni yake njia ya pikipiki, meno yamejichora kwenye theluji. Kila hatua nne, jino moja halipo."

"Umeita polisi?"

"Nimemwita. Siku hiyo hiyo, kabla sijainama kuiangalia vizuri ile njia. Askari wa kulungu, Hjørdis, amepiga picha. Kesho asubuhi anakuja kukagua pikipiki zote za kambi yetu. Akaniambia, 'Mama Ravdna, kuchinja kulungu wako mwenyewe si kosa, hata uchinje mia. Kosa ni kuchinja wa mwenzako. Nikilipata pengo nimempata mtu, na mtu huyo anakwenda jela.'"

"Kesho! Sasa wewe mbio za leo za nini?"

"Kesho ni karibu sana."

Torgeir hakuelewa, ila aliwahi kuona wazee wenye hasira. Huyu atamkamata mwizi kwa mikono yake, aliwaza, na Mungu amsaidie huyo mwizi.

"Lakini kwenu Kautokeino si kuna duka? Umeendesha saa mbili kuja Alta!"

"Kwetu kuna duka, na kuna midomo."

"Haya. Rudi na pikipiki nikufungie bure. Kazi hii inawatoa jasho vijana."

"Nitafunga mwenyewe."

"Kwa magoti hayo?"

"Magoti hayafungi kitu, baba. Mikono ndiyo inafunga."

Torgeir akacheka, akaubeba mkanda begani hadi kwenye gari. Ravdna alimfuata polepole, akiwa ameshika kiuno.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Nina meno mengi na siumi, na kila nipitapo naandika jina la bwana wangu."

Torgeir alikuna kichwa. Akataja msumeno. Akataja kitana. "Basi nimeshindwa. Chukua mji."

"Nautaka huu huu, na duka lako ndani yake." Ravdna hakucheka. "Jibu liko begani kwako."

Alifika nyumbani saa sita mchana. Issát alikuwa amelala kwenye kochi na viatu vyake, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala alipokuwa mtoto. Ravdna alimvua viatu. Akamfunika ngozi ya kulungu, akaenda bandani, akaufunga mlango.

Ilimchukua mchana wote. Aliilaza pikipiki ubavu, akafungua boliti, akavuta magurudumu madogo ya ndani ya mkanda moja moja. Kila alipochoka alikaa, akanywa kahawa iliyokwisha kupoa, akayasugua magoti. Mara mbili spana ilimponyoka. Mara ya pili aliiacha chini kwa muda mrefu, akiitazama tu. Halafu akaiokota.

Mkanda mpya uliingia, ukakaa. Aliuzungusha kwa mkono. Meno yote yalipita mbele yake, moja baada ya jingine, wala hakuna lililokosekana.

Akauvuta mkanda wa zamani karibu na dirisha. Alipitisha kidole jino kwa jino, hadi kidole kikatumbukia.

Pengo.

Ravdna aliisimamisha pikipiki ya Issát, akaisogeza ukutani. Kisha akailaza ya kwake, akapiga magoti, akautoa mkanda wake, akaanza kuufunga ule wenye pengo.