Matone ya Kutuliza Vinasaba

Siku hizo hakuna mtoto aliyepokelewa chekechea wala darasa la kwanza bila matone. Nesi alimweleza Nyamvua kwamba mwilini mna vipande vya vinasaba vinavyorukaruka, vinawasha hiki, vinazima kile, na vingine huleta maradhi. Matone huvituliza vyote. Nyamvua hakuuliza vinawasha nini kingine. Akaweka dole gumba kwenye fomu ya idhini, mwanawe Sekiondo akanyweshwa.

Jumamosi akaja mama mkwe, na utani wake uleule kwa mjukuu.

"We mume wangu kibogoyo! Kanga yangu iko wapi?"

Zamani Sekiondo angemrukia: "Kibogoyo wewe! Nimeshakuacha, nimeoa mwingine!"

Leo alisimama wima. "Shikamoo, bibi."

Bibi akacheka, akamchokoza tena.

"Shikamoo, bibi." Sauti ileile, kama ya watoto wote wa mtaa.

Bibi akaketi mkekani taratibu. "Nyamvua mwanangu, mume wangu mmempeleka wapi?"

 Kitindamimba wa Nyamvua, ambaye zamu yake ya matone ni Jumatatu, alikuwa anagonga sufuria na kupiga kelele nyumba nzima. Kwa mara ya kwanza, Nyamvua hakumkanya.