Alichoficha Kiboko

Paliondokea Perege, samaki aliyekishuku hata kivuli chake.

"Huyu Kiboko hula nyasi nchi kavu, halafu huja kunya bwawani kwetu," alisema. "Ana lake huyu!"

"Una akili, mwanangu," akaitikia Furukombe, tai mvuvi, kutoka mtini. "Maji yote tope. Anaficha nini humo?"

Basi Perege akawakataza wenzake kumsugua Kiboko mgongo, kazi waliyomfanyia tangu enzi. Kiboko akawashwa, akawashwa, mwishowe akahamia bwawa jingine.

Tope likatulia, maji yakang'aa kama kioo. Perege akapekua kila pembe, kisha akaibuka juu.

"Mbona hamna kilichofichwa humu?"

"Mimi nakiona," akajibu Furukombe, akashuka, kucha mbele.