Jina Kwenye Boriti

Siku hizi mbao mpya ni marufuku. Anayejenga hukandika kuta zake kwa udongo, kisha husubiri mbao za nyumba ya mzee wake atakapofariki; jina lake mwenyewe huwa ameshaliandika kwa chaki kwenye kipande anachokitaka, mwenye nyumba angali hai.

Bi Kidawa alimkuta mjukuu wake Salha amepanda kigoda, anaandika jina lake kwenye boriti ya nyumba ya bibi.

"Andika kwa herufi kubwa, mke mwenzangu. Mchwa wa humu hawajui kusoma."

"Bibi nawe! Mimi sina haraka."

"Wala mimi."

Wakacheka. Salha akateremka, akamkazia macho. "Umelalaje leo?"

"Kama gogo."

Bi Kidawa akaenda uani, akajiziba mdomo kwa kanga, ndipo akakohoa, polepole, kama mama yake alivyokohoa mwaka ule Kidawa alipoandika jina lake kwenye mlango wa mama.