Mtoto Asiyebebwa

Phanice alimnyooshea mama yake mtoto, na mama yake akarudisha mikono nyuma.

"Mweke chini," Jerusha alisema. "Si anaweza kusimama?"

Hakuweza. Bochaberi alikuwa na miezi tisa tu. Phanice alibaki pale uani amemshika mtoto mbele yake, mavumbi ya safari bado miguuni, mjane wa wiki sita aliyekuwa amerudi kwao Uriri kutoka kisiwa cha Remba.

Mume wake, Bichage, alizama ziwani na wavuvi wenzake wawili. Lakini ulikuwa mwaka wa 1996, na Phanice alikuwa amekonda kwa malaria iliyokataa kumwacha. Majirani hawakutaka habari za kuzama. Mtu akitoka kisiwani akiwa mwembamba, walijua wenyewe alichotoka nacho.

Kabla jua halijatua Jerusha alikuwa ametenga vyombo. Phanice na mtoto walipewa sahani zao, vikombe vyao na sufuria yao. Vya Jerusha vilihamia jikoni, kibanda cha nje, na kitanda chake kikafuata.

"Nyumba kubwa ni yenu," alisema.

Hakuwapikia hata siku moja. Kila asubuhi aliweka unga, mboga na maziwa kizingitini, akabisha mlango, akaondoka kabla haujafunguliwa.

"Mama, unaniogopa?" Phanice alimwuliza siku moja.

"Ninaogopa ugonjwa."

"Bichage alizama."

"Nimesikia."

Wanawake wa kanisa walimsifu Jerusha kwa busara yake. Walisema amepata shida ya kutosha: miaka mitatu nyuma alimzika mumewe, Angwenyi, aliyekufa kwa kifua, na sasa binti analeta mengine nyumbani.

Sabato moja muuguzi wa kituo cha afya, Sista Mokeira, alikuja kanisani kufundisha juu ya ukimwi. Alisema kirusi ni kidogo mno, hakionekani hata kwa darubini ya pale kituoni. Peke yake hakiwezi kuzaana. Lazima kiingie mwilini mwa mtu, kiteke chembe zake, kizifanye zikizalishe. Kisha akasema kila kirusi kina njia yake. Cha surua husafiri kwa hewa. Hiki cha ukimwi hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wake anapomzaa au kumnyonyesha.

"Hakipiti kwa kikombe," alisema. "Hakipiti kwa kumshika mtu mkono. Mgonjwa wako mkumbatie."

Phanice aligeuka kumtazama mama yake. Jerusha alikuwa akitazama sakafu.

Njiani kurudi nyumbani Phanice akamwuliza, "Umesikia sista alivyosema?"

"Yule ni mtoto. Amesoma kwa kitabu. Mimi nimeuguza mtu kwa mikono hii."

Hapakubadilika kitu. Wiki zilizofuata Bochaberi alianza kutambaa, na kila alipoachiliwa alielekea jikoni kwa nyanya yake. Siku moja alimkuta Jerusha akikata mboga za sukuma. Kisu kilikuwa kimemteleza, kidole kinatoka damu. Mtoto akamshika gauni. Jerusha akamsukuma kwa goti kwa nguvu, mtoto akaanguka kichwa kikagonga jiwe la meko.

Phanice alikuja mbio. Alimkuta mama yake amesimama kwenye kona, mikono imefungwa kwa aproni, analia bila sauti. Mtoto alikuwa bado chini.

"Hata kumwinua huwezi?" Phanice alisema.

Mwezi wa nane akaenda Homa Bay kupimwa. Angeenda mapema, lakini Sista Mokeira alimshauri angoje, kwa sababu mwili huweza kuchukua miezi mitatu kabla ya kuonyesha alama za kirusi kwenye damu. Majibu yalichukua wiki mbili. Alirudi na karatasi, akamwekea mama yake mapajani.

Jerusha aliisoma mara mbili, akiifuata kwa kidole.

"Huna," alisema. "Na mtoto hana." Akafunika uso. "Mungu ni mwema."

"Basi mbebe."

Jerusha alimtazama mjukuu wake, akarudisha mikono nyuma.

"Siwezi, mwanangu."

Phanice hakuuliza sababu. Alifunga nguo zao kwa shuka, akamfunga mtoto mgongoni. "Ulisema ni ugonjwa," alisema. "Kumbe ni sisi. Mtoto huyu hutamwona tena."

Alikwenda Muhuru Bay, akaanza kuanika omena, dagaa wa ziwani, na kuuza. Mara tatu mama yake alituma watu kumwita, na mara tatu aliwarudisha bila jibu. Habari ya nne ilikuwa ya kifo.

Kwenye mazishi watu walisema ni kifua, kama mumewe. Phanice hakulia. Alisimama pembeni na Bochaberi, ambaye sasa alikuwa akitembea na kuuliza ni nani yuko ndani ya sanduku.

Sista Mokeira alimngoja hadi watu wakatawanyika.

"Mama yako alikuja kituoni wiki moja baada ya nyinyi kuondoka," alisema. "Aliniuliza kama yale niliyofundisha kanisani ni kweli, ama nilikuwa natuliza watu tu. Nikamwambia ni kweli, kila neno. Akakaa pale kwenye benchi mpaka tukafunga."

"Aliiona karatasi yangu," Phanice alisema. "Aliisoma mwenyewe. Kwa nini bado aliniogopa?"

"Hakuuliza juu yako," sista alisema. "Yeye alipimwa mwaka wa tisini na tatu, tulipomzika baba yako, akapatikana na kirusi. Aliuliza kama angeweza kumbeba mtoto."