Wasikilizaji wa Yahaya

Kwa siku ya nne mfululizo Yahaya alikunjua mkeka wake nje ya posta ya Dodoma, akapanga vitabu vyake vitatu vya picha, akakohoa kwa sauti. Hakuja mtu. Alikuja mbuzi mmoja, akanusa kitabu cha katikati, akaenda zake.

"Wamekwenda kwa Mwantum," alisema Zipora, muuza karanga, wala hakuulizwa. "Wote. Hata bibi Loisi, na magoti yake yale."

Mwantum! Fundi wa cherehani, mjane aliyetoka Kondoa, mwanamke aliyeishia chuo cha Kurani na hakutia mguu shule ya serikali hata siku moja!

Vitabu vile vililetwa na treni kwa ajili ya watoto wa Wazungu wa reli. Hao wakivichoka, viliangukia dukani kwa Dhirajlal, wakavisoma wanawe. Na wao wakivichoka, mama yao Shantaben alivichana kurasa akafungia bizari na sukari guru. Yahaya ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba hata watu wazima wenye mvi watakaa kimya, midomo wazi, wasikie habari za mpanda farasi aliyeficha uso akimkimbiza mwizi wa ng'ombe. Makuli wa stesheni, mayaya, wafugaji waliokuja mnadani, wote walikuwa wake. Watu hao hao walimletea barua zao awasomee, wakamwita mwalimu.

Ukweli ni kwamba barua za Kiswahili alizisoma vizuri. Za Kiingereza aliangalia muhuri, akakisia. Na vitabu vya picha, je? Picha si zinajieleza?

"Leo namuumbua," alimwambia Zipora huku akikunja mkeka. "Nitamwonyesha neno moja tu alisome. Moja!"

"Na akilisoma?"

"Atalisomea wapi?"

Baada ya sala ya alasiri alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akachomeka kalamu mfukoni ingawa haikuwa na wino, akaenda. Upepo ulikuwa unavumisha vumbi jekundu, lakini kwenye baraza ya Dhirajlal hakuna aliyejali. Walijaa mpaka kwenye ngazi. Mwantum alikuwa nyuma ya cherehani yake, ukurasa mkononi, anaigiza sauti ya farasi, na watu wazima na akili zao wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Alipomwona Yahaya akanyamaza. "Shikamoo, mwalimu. Nimekungoja siku nyingi."

"Marahaba. Sikuja kukaa." Yahaya aliupokonya ule ukurasa, akaweka kidole juu ya neno. "Hili ni neno gani?"

"Silijui."

Watu wakaguna.

"Mimi Kiingereza sijui," alisema Mwantum. "Nani alisema najua? Mimi naangalia picha tu."

Moyo wa Yahaya ulijaa kama gunia la uwele. "Mmesikia kwa masikio yenu! Mnaacha kazi zenu, mnakuja kudanganywa na cherehani!"

"Lakini hadithi zake tamu kuliko zako, mwalimu," alisema kuli mmoja, na baraza zima likaangua kicheko. Kilimwingia Yahaya kama pilipili jichoni.

"Basi utusomee wewe, tusikie ya kweli," alisema Mwantum. Alivuta droo ya cherehani, akatoa ukurasa mwingine. "Huu umenishinda. Una maneno mengi."

Ulikuwa mzito kidogo. Pale penye maneno, juu ya vichwa vya watu, palibandikwa vipande vya karatasi kwa gundi ya unga, kama kurasa chakavu zinavyozibwa, na maneno yakaandikwa upya kwa wino mweusi. Yahaya hakujali. Picha zilionekana vizuri.

"Lakini mwalimu," Mwantum alimzuia. "Utasoma yaliyoandikwa, au utakisia?"

"Neno kwa neno!"

"Sema wallahi."

"Wallahi!" alisema Yahaya, akapanda juu ya debe ili waliokuwa nyuma wamwone.

Akasoma. "'Simama wewe, mwizi! Ng'ombe wa baba yangu wako wapi?' Mwizi anajibu, 'Nihurumie, bwana, wamo bondeni!'" Sauti ya mpanda farasi aliifanya nene, ya mwizi akaifanya ya puani. Kidole chake kilifuata mistari, hakikuruka hata mmoja. Alipofika pale mwizi anapoanguka, makuli walipiga miluzi, na bibi Loisi akapiga makofi. Walikuwa wake tena, wote.

Mwantum peke yake hakucheka. Alikata uzi kwa meno. "Ni hayo tu yaliyoandikwa?"

"Ni hayo. Sikuongeza, sikupunguza."

"Lalita, mama," aliita Mwantum. "Njoo sasa."

Binti mkubwa wa Dhirajlal, aliyekuwa akifundisha Kiingereza katika shule ya Wahindi, alitoka dukani akifuta miwani kwa ncha ya sari. Akaupokea ukurasa kutoka kwa Yahaya, akausoma taratibu, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili.

"'Kwa mke wa Abbasi bin Halfani, Dodoma. Mume wako yu hai. Ameumia mguu, amelazwa hospitali ya jeshi, Nairobi, na hali yake si nzuri. Anakuulizia kila siku. Njoo upesi.'"

Yahaya alikuwa bado juu ya debe.

"Lalita ameyanakili kutoka kwenye barua niliyokuletea pale posta wakati wa vita, mwalimu," alisema Mwantum. "Uliisoma, ukanipa pole, ukaniambia nikae eda."