Swichi za Kushoto

Umeme ulirudi wakati fundi redio anafagia meza yake. Taa ikawaka, feni ikaanza kuzunguka, mtaa mzima ukashangilia. Yeye hakushangilia. Chini ya bisibisi aliona vipande viwili vya mpira mweusi, vidogo kama vifungo vya shati, akaviokota.

Mipira ile ilitakiwa iwe ndani ya mashine ya santuri, itenganishe nyaya za swichi na bati. Mashine yenyewe ilishachukuliwa na mwenyewe.

"Nini tena?" akauliza jirani yake, fundi cherehani, ambaye watu walimwita Mkasi kwa sababu ya mdomo, si kwa sababu ya kazi.

"Nimeua mtu," akasema fundi. Alichukua testa yake ya kupimia umeme, akatoka bila kufunga mlango.

Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amekuja mzee mmoja wa koti refu, jasho linamtoka na kulivua hataki, mashine kaibana kwapani. Aligonga kaunta, ko, ko, kama mtu aliyekuja kudai, kisha akampa fundi mkono wa kulia kwa adabu zote. Alitaka swichi zihamishwe. Kiwandani walikuwa wameziweka kulia. Yeye alizitaka kushoto, na ziwe zile ndefu za chuma, za kusukuma.

"Kwani mzee ni shoto?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Mkono wa kulia nimeupangia kazi nyingine," akasema mzee.

Fundi alikata bati, akalitoboa, akalipachika ubavuni, akahamisha waya mmoja mmoja. Ilikuwa kazi safi. Tatizo ni kwamba Mkasi alikuja na kigoda chake, na alipo Mkasi hapana kazi inayokwenda kimya. Wakamcheka mzee wa watu, mtu wa kulia mwenye mashine ya kushoto.

"Shoto ni mkewe huyo," Mkasi akasema. "Mama ndiye mpigaji. Mzee mbebaji tu."

Fundi alicheka hadi akashika meza, na alipokaza skrubu ya mwisho, mipira alishaisahau. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo hata kuijaribu mashine hakuweza. Mzee aliporudi kuichukua akamwambia, "Umeme ukirudi itaimba yenyewe." Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Hawakusema kwamba kichwa chenyewe kinaweza kuwa cha mtu mwingine.

Namba ya simu mzee hakuacha. Simu, alisema, ni za watu wenye haraka. Alichotaja ni nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Fundi alikimbia roho mkononi. Kila duka alilolipita lilikuwa limeshafungulia redio, na kila redio ilimwambia amechelewa. Alimwona akilini yule mama wa shoto asiyemjua, ametoka kuosha vyombo, anaupeleka mkono mbichi kwenye swichi. Mkono mkavu ungerushwa pembeni. Mkono wa maji ungeganda pale pale.

Akakata kona ya kiwanda. Mlango wa kijani ulikuwa wazi, na kabla hajaufikia akasikia muziki. Kwa hiyo swichi ilishaguswa. Aliogopa kuingia, akamwogopa atakayemkuta sakafuni, lakini akaingia hivyo hivyo, hodi ikimtoka akiwa tayari sebuleni.

Walikuwa wanacheza. Mzee alisimama katikati ya chumba na koti lake lile lile, mkono wa kushoto mfukoni, wa kulia umemzunguka mkewe kiunoni. Mama alikuwa mwembamba, amemwegemea kifuani, nyayo hazinyanyuki. Santuri ikaisha, ikaanza kukwaruza. Mama akanyoosha kidole kuizima.

"Mama, usiguse!"

Fundi akaruka, akachomoa plagi ukutani. Wale wawili wakamkodolea macho.

"Kulikoni, fundi?" mzee akauliza.

"Kaeni chini kwanza, nawaomba."

"Kukaa siwezi. Mpaka kiti kifike nitakuwa nimemwachia, na nikimwachia anaanguka. Miguu haimtii tangu alipougua."

Fundi akairudisha plagi kwa tahadhari, akaweka ncha ya testa kwenye swichi. Kitaa cha ndani ya testa kikawaka, chekundu. Akachomoa tena haraka. Machozi yakamtoka mbele ya watu wazima, wala hakujali.

"Mama, hukuigusa hii? Hata mara moja?"

"Sijaigusa," mama akasema. "Ndiyo kwanza nilitaka kumsaidia. Kawasha yeye, hii santuri ya pili."

"Haiwezekani." Fundi akamgeukia mzee, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni kama anayehakiki maiti. "Swichi ina moto. Bati lote lina moto. Uliisukuma kwa mkono gani?"

"Wa kushoto. Si ndiyo maana nilikuja kwako?"

Na bila kumwachia mkewe, mzee akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akaugonga kwenye bati, ko, ko. Ulikuwa wa mti, kuanzia kiwiko hadi vidoleni.