Uchovu wa Nakijwa

Siku Nakijwa alipoondoka kwenda chuo cha jeshi, baba yake, Eliamani, alivalishwa bangili nyeusi mkononi. Ndiyo sheria: kuruta wa mafunzo ya kiangazi hatakiwi kuchoka, kwa hiyo uchovu wake hutumwa nyumbani ukabebwa na mzazi.

Kesho yake hata kikombe cha chai kilimshinda kuinua. Taratibu akajifunza kuusoma mwili wake. Miguu ikiwaka moto, binti yuko kwenye kwata. Mabega yakimlegea, amebeba mkoba wa mchanga. Shambani, tangawizi ikasongwa na magugu.

“Leo mwanao kakupeleka wapi, shemeji?” alitania jirani yake, Mama Nanzia, akipita na jembe begani.

“Mlimani. Tena mbio, na mzigo mgongoni!”

“Basi wakikosa kukupa cheo, wamekudhulumu.”

Eliamani alicheka, japo mbavu zilimuuma. Makuruta hawakuruhusiwa simu, na uchovu ule ndio uliokuwa salamu pekee za binti yake.

Asubuhi moja aliamka mwepesi kama unyoya. Akaketi kitandani akingoja miguu iwake. Jua likapanda, isiwake. Mama Nanzia alipomkuta amesimama wima mlangoni, hakutania. Aliweka jembe chini.

“Pole, shemeji,” alisema. “Pole sana.”

Jioni askari wawili walikuja kuivua ile bangili.

Siku hizi Eliamani hulima tangawizi tangu alfajiri mpaka giza liingie, na uchovu anaolala nao ni wake mwenyewe.